Mabuti ya Kushoto ya Kunardan

Meli ya Waingereza ilipopanda mwamba mbele ya Kunardan, mzee Shahsowar alifanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili aliyafanya vizuri. Alichinja mbuzi akawalisha mabaharia waliofika pwani wakitetemeka, akawapa mablanketi ya sufi na nafasi nzuri karibu na moto. Na wakati wao wanakula, alituma nusu ya kijiji kwenda kuipakua meli yao. Mabaharia walipokuja kuchukuliwa na meli nyingine, nahodha wao alimkumbatia Shahsowar huku machozi yakimlengalenga, na baadaye akaandika barua ya kumsifu kwa wakubwa. Shahsowar hakuona unafiki wowote hapo. Mtu aliyeletwa na bahari ni mgeni, mzigo ulioletwa na bahari ni riziki. Ndivyo pwani ya Makrani ilivyoliona jambo hilo tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kuona sababu ya kuyachanganya mawili hayo.

Shida ni kwamba mwamba wenyewe umekaa katikati, kati ya Kunardan na Zarbar, na watu wa Zarbar nao wana mashua na wana macho. Meli ilikatika vipande viwili. Omo, sehemu ya mbele, ikabaki upande wa Kunardan; tezi, sehemu ya nyuma, ikasukumwa na mawimbi hadi upande wa Zarbar. Na vijiji hivi vilikuwa havisemezani. Ugomvi wao ulianzia kwenye maji ya mfereji, ukapitia kwa ngamia aliyeibiwa, ukaua mtu huku na mtu kule, ukatulizwa kwa ndoa, kisha ukaanza upya kwa maji yaleyale. Kwa hiyo siku ile ya kupakua, kila upande ulijitia hamnazo kwamba upande mwingine haupo. Watu walipishana majini na makasha mabegani bila hata kusalimiana.

Kunardan walipofungua makasha yao walikuta sabuni ya manukato, miavuli, na mabuti ya jeshi mapya kabisa, yananuka ngozi. Walifurahi mpaka walipoanza kuyavaa. Yote yalikuwa ya kushoto. Kumbe mwenye mali huko Ulaya, kwa kutowaamini makuli wa bandarini, alikuwa ameagiza ya kushoto yafungwe makasha yake na ya kulia makasha yake, ili mwizi asifaidi. Wazee wa Kunardan hawakukubali kushindwa na mtu wasiyemjua. Walivaa la kushoto miguu yote miwili, wakawa wanatembea wakipindia upande mmoja kama ngamia mwenye upele.

Kila mtu alijua ya kulia yako wapi. Lakini nani angekwenda Zarbar kuyaomba? Mwanamume wa Kunardan akionekana ng'ambo ya mto mkavu, upande wa Zarbar, alikuwa anapigwa risasi, na wa Zarbar akionekana huku hivyohivyo.

Mwanamke hapigwi risasi. Hilo hata wendawazimu wa Kibaluchi wanalijua. Na binti yake Shahsowar, Mahgonj, ndiye aliyekuwa ndoa ile iliyotuliza ugomvi. Alipelekwa Zarbar akiwa msichana mdogo, akaolewa na mtoto wa Lashkaran, mkuu wa kule, badala ya damu iliyomwagika. Ugomvi ulipofufuka yeye alibaki kule na watoto wake wawili, akija kwa mama yake alipotaka na kurudi alipotaka. Sasa akaanza kuja mara nyingi zaidi, na shali yake ikawa pana zaidi. Buti la kulia linaingia, la kushoto linatoka. Haikupita muda, wanaume wa vijiji vyote viwili wakawa wanatembea wima, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwuliza mkewe buti la pili limetoka wapi.

Ndipo ikaja barua ya kwanza.

Iliandikwa na Kapteni Pelling, mkuu wa kituo cha waya wa simu, ambaye pia alikuwa macho ya serikali yake katika pwani ile. Waya ule ulipita katika ardhi ya Kunardan na ya Zarbar, na wakuu wa vijiji vyote viwili walikuwa wakilipwa mshahara wa kuulinda. Barua ilikuja nakala mbili, moja huku, moja kule. Na kwa kuwa katika vijiji vyote viwili aliyejua kusoma ni mmoja tu, Mulla Dinar, yeye ndiye aliyeisoma kote kuwili. Mulla alikuwa na ruhusa ya kuvuka, kwa sababu bila yeye watu wangekufa bila kuombewa na kutukanana bila maandishi.

"Anataka nini?" Shahsowar aliuliza.

"Anauliza meli."

"Mwambie mabaharia walikula wakashiba."

"Hilo analijua, nahodha kamwandikia. Anauliza makasha."

"Mwambie bahari imeyala."

Mulla alishusha kalamu. "Bahari imekula mabuti?"

"Mulla, wewe unalipwa tende uandike. Hulipwi ushangae."

Jioni hiyohiyo Mulla alikuwa kwa Lashkaran, naye akaambiwa neno lilelile kuhusu bahari, pamoja na nyongeza. Nyongeza ilisema kwamba Shahsowar ni mwizi mtoto wa mwizi, kwamba mimi Lashkaran sijawahi hata kuiona hiyo meli kwa sababu macho yangu ni mabovu, na kwamba hata hivyo niliwaona wazi watu wa Kunardan wakiipasua. Barua zikaanza kupishana. Shahsowar alijibu kwamba Kunardan ni watu wa mitende na dua, na anayetaka waporaji aende akanuse mlango wa Lashkaran. Mulla Dinar alikuwa na kalamu tamu, na sitaficha kwamba aliifurahia kazi ile kupita kiasi. Tusi ambalo Lashkaran alilisema kwa maneno mawili, yeye alilifikisha limevaa kilemba.

Kapteni alijibu kwa upole wa mtu anayesaga meno. "Nimezipokea barua zenu zote. Naona zimeandikwa kwa mwandiko mmoja. Naona pia zinanukia sabuni moja."

Mulla alipoisoma sehemu hiyo alinusa vidole vyake, kisha akaendelea kusoma haraka. Hata mbuzi wa Shahsowar siku hizo alikuwa ametafuna mche mzima wa sabuni akatoka mapovu mdomoni, watu wakamkimbia wakidhani ana kichaa.

Barua ya mwisho ndiyo iliyoondoa mchezo. Kapteni aliandika kwamba mkubwa wake kule Ghuba amechoka. Manowari inakuja. Mmoja kati yenu ndiye aliyepora, na huyo mitende yake itakatwa, nyumba zake zitapigwa mizinga, na mshahara wake wa waya utapewa yule asiye na hatia. Yeyote mwenye ushahidi dhidi ya mwenzake aulete.

Mulla alimaliza kusoma akatabasamu. "Basi si tumeshashinda? Mabuti ya kulia yamejaa humu ndani, na kila mtu anajua yametoka Zarbar. Niandike tu, Kapteni aje afungue makasha yao. Wanapigwa wao, mshahara wao unakuja kwetu, maji ya mfereji yote ni yetu."

Shahsowar alimfikiria binti yake. Nyumba ya Mahgonj ilikuwa ya kwanza kutoka baharini pale Zarbar, ya udongo, na risasi ya mzinga haijui kuruka nyumba ya mtu. Lakini na Lashkaran naye atanyamaza? Hata kwa dawa asingenyamaza. Asipomtaja Lashkaran, atatajwa yeye, na mitende ya Kunardan ilipandwa na baba yake, mama yake akiimwagilia kwa mtungi kichwani kabla mfereji haujafika. Mzee alijiona maji yamemfika shingoni, na pande zote mbili za mto ni zake.

Mahgonj alikuja siku iliyofuata na mabuti yake kwapani. Alikuwa ameshasikia, kwa sababu Mulla alikuwa ameshasoma kule.

"Baba, utaandika nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Hujui?" Aliyaweka mabuti chini. "Miaka ile hukusema hujui. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikakusikia. Ulisema, 'Mpelekeni.'"

Shahsowar alitazama mikono yake. Lilikuwa neno la kweli. Wazee walikuwa wamekaa, damu ilikuwa inadaiwa, msichana ndiye aliyekuwepo. Alisema mpelekeni, wakampeleka, naye akaenda kula.

"Sikulaumu," Mahgonj alisema, ingawa sauti ilimlaumu. "Nilipelekwa kwa ajili ya amani yenu nikajikaza. Sasa nina wanangu. Nakwambia tu ujue." Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema, "Lakini na baba mkwe naye ana maneno! Anasema wewe huna ubavu wa kupasua meli. Eti uliokota sabuni tu zilizokuwa zinaelea."

"Kasema hivyo?"

"Kila jioni. Watu wanavunjika mbavu."

"Lashkaran? Yule anayepanda mashua kafumba macho?"

"Na maneno yako wewe nitampelekea."

"Mimi sijasema kitu!"

"Utasema," Mahgonj alisema, akajitanda shali akaondoka na mabuti ya kushoto.

Mulla alipokuja na kalamu yake, Shahsowar alimwambia airudishe mfukoni. Kapteni aje. Atayasikia kwa mdomo.

Kapteni alikuja na manowari, akaiacha imetia nanga mizinga ikitazama nchi kavu, akapiga hema kwenye mto mkavu kati ya vijiji viwili. Hakutaka hakimu wala viapo. Alikuwa mtu anayejivunia kuzijua desturi. Alikula kwa mkono wa kulia, alikaa chini bila kunung'unika, na sasa alikuwa amekata shauri kuwatega kwa desturi yao wenyewe. Atawaomba hali, mbele ya watu wote.

Ilikuwa akili nzuri, ni lazima tumpe haki yake. Watu wanapokutana katika nchi ile, hakuna kinacholiwa wala kinachozungumzwa mpaka hali itolewe. Aliyefika ndiye anayeanza. Anasema alikotoka, aliyemkuta njiani, nani kafa, nani kazaa, mvua, mifugo, nia yake, kila kitu, na wote wananyamaza mpaka amalize. Kisha mwenyeji anatoa yake. Barua mtu ataijaza uongo mpaka imwagike, kwani karatasi ni karatasi. Katika hali hadanganyi. Aliyedanganya katika hali, hata wajukuu wake hawapewi mke.

Ila Kapteni alisahau kwamba yeye ndiye aliyefika.

"Karibu, Sahibu," alisema Mulla Dinar, akiwa amekaa katikati, Kunardan kulia kwake na Zarbar kushoto, bunduki zote zimerundikwa mbali. "Tupe hali."

Kapteni alikohoa akaanza, na kwa kuwa alitaka kuifanya vizuri kuliko Mbaluchi mwenyewe, aliifanya yote. Alieleza jino lake lililooza. Alieleza bei ya shayiri alikotoka. Alieleza ngamia aliyekufa njiani na jina la mwenye ngamia. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, mzungu huyu analelewa vizuri na mtu fulani. Jasho likimtoka, akaingia kwenye barua za mkubwa wake, akaeleza kwamba kuna machafuko kila upande wa pwani, makabila yameshikana, na kwamba ameamriwa waya usikose mlinzi hata siku moja. Ukinyamaza waya, alisema, mimi napelekwa kwenye kisiwa kile cha joto ambako mtangulizi wangu alipata wazimu.

Mulla Dinar aliinua macho polepole akamtazama Shahsowar. Kisha akayashusha.

"Hali yako ni nzuri, Sahibu," alisema.

"Sasa," alisema Kapteni, akijipangusa, "Mzee Shahsowar. Toa hali ya Kunardan."

Shahsowar aliketi wima. Upande wa pili, nyuma ya wanaume wa Zarbar, alimwona Mahgonj amesimama na wanawake, mtoto mmoja kiunoni, mwingine kashika shali. Akaanza kwa mvua, ambayo haikunyesha. Akataja tende, waliofariki, mbuzi aliyepona. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Na ile meli," alisema, "tuliipora sisi."

Watu wake waligeuka wote kumtazama.

"Sisi Kunardan. Omo na tezi. Zarbar hawakugusa hata msumari."

Hakuwahi kudanganya katika hali maisha yake yote, na sasa alikuwa amedanganya mbele ya watu waliomjua. Uso ulimwaka kwa aibu. Lakini aliendelea, kwa sababu mtu akishaanza kuzama haoni tena faida ya kuinua kanzu.

"Mitende ni ile pale," alisema. "Nyumba ya kwanza ni yangu. Anzia hapo."

Kapteni alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hiki. "Meli nzima? Peke yenu?"

"Peke yetu."

"Na Zarbar walikuwa wapi?"

Hapo yale maneno ya sabuni zinazoelea yalimpanda Shahsowar kichwani, akatia chumvi ambayo haikuhitajika. "Zarbar? Walikuwa wamelala, Sahibu. Wale bahari wanaiogopa. Tezi tuliipasua sisi mbele ya milango yao, wakajifunika mablanketi."

"Muongo!"

Lashkaran alikuwa amesimama. Alikuwa mzee mnene mwenye ndevu zilizotiwa hina, na alikuwa anatetemeka mpaka ndevu.

"Kaa chini, baba," mwanawe alimvuta kanzu. "Baba, kaa, tumeshapona."

"Sikai! Anadanganya katika hali! Mbele ya wanaume wazima!" Alimgeukia Kapteni. "Sahibu, mtu huyu amekudanganya. Tezi tuliipasua sisi. Kwa shoka! Mimi mwenyewe nilikuwa ndani mpaka hapa!" Akajipiga kifuani kuonyesha maji yalikofika.

"Ulikuwa umefumba macho!" Shahsowar alimrushia.

"Nimefumba? Na haya nimeyaokota nimefumba?" Lashkaran alivua buti la kulia akalibwaga mbele ya Kapteni. "Mwulize huyu, la kulia alilovaa mguuni kalipata wapi! Makasha yake yote ya kushoto! Kijiji kizima kilikuwa kinatembea kama kaa!"

"Tulitoa na kinanda!" mtu wa Zarbar alipiga kelele kutoka nyuma, kwa kuwa sasa ilionekana ni aibu kuachwa nje.

"Kinanda gani? Kilizama nanyi mkalia!" akajibiwa kutoka Kunardan.

"Dira je? Dira nani anayo?"

"Ninayo mimi!" alisema kijana mmoja kwa fahari, na mama yake akamzaba kofi.

Kila mtu alitaka kuingia katika hali. Miavuli ilitajwa, mapipa, kengele ya meli, godoro la nahodha. Mkalimani wa Kapteni alijaribu kufuata, kisha akakaa chini akafunga mdomo. Na wakati wote huo wanaume waliokuwa hawajasemezana miaka mingi walikuwa wanatukanana uso kwa uso, kwa karibu kiasi cha kurushiana mate, na hakuna aliyekumbuka bunduki.

Kapteni Pelling alikaa akalitazama buti. Alikuwa amekuja kumtafuta mwenye hatia mmoja na asiye na hatia mmoja, na sasa alikuwa na wenye hatia wawili wanaogombania hatia.

Mulla Dinar alimsogezea kikombe cha chai. "Sahibu," alisema kwa adabu kubwa mno, "wakikatwa mshahara wote wawili, waya utalindwa na nani?"

Kapteni aliipuliza chai.

"Nauliza tu. Kwa sababu ulitupa hali, na hali yako tumeiweka moyoni. Kile kisiwa kina joto."

Kapteni alimtazama muda mrefu. Kisha, na hapa ndipo watu wa pwani ile walipoanza kumpenda, akacheka. Alicheka mpaka akashika jino.

"Nimwandikie nini mkubwa wangu?"

"Bahari imekula."

"Bahari haili mabuti, Mulla."

"Yeye amewahi kuiona bahari hii?"

"Hapana," Kapteni alikiri. Akainywa chai. "Lakini lazima nibomoe kitu. Manowari imekuja na mizinga yake. Siwezi kuandika kwamba nilikuja kunywa chai."

Kelele zilikuwa zimepungua. Wote walisikia, na wote walianza kutazama mali za wenzao.

"Bomoa mnara wangu," alisema Shahsowar.

Kapteni aliona ni sadaka ya kawaida. Mnara wa udongo, uko ukingoni, kazi rahisi kwa mpiga mzinga. Lakini Zarbar wote walitazamana. Mnara ule, wenye matundu ya bunduki yaliyoelekea Zarbar, ulijengwa ugomvi ulipoanza upya. Kwa ajili yake wanaume wa Zarbar waliogopa kwenda hata shambani mchana, ingawa wanawake zao waliteka maji salama, na mpwa wa Lashkaran alikuwa na mguu mmoja mfupi kwa risasi iliyotoka pale juu.

"Mnara upi?" Lashkaran aliuliza, kana kwamba Kunardan ilikuwa na minara ya kuchagua.

"Ninao mmoja."

Lashkaran alitafuta tusi la kumpa akakosa, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. "Wangu mimi sivunji," alisema mwishowe. "Nafuga njiwa."

"Fuga."

Mbuzi waliondolewa, watoto wakashikwa. Risasi ya kwanza ya manowari iliangukia baharini ikaua samaki wengi, ambao waliokotwa mara moja na watu wa vijiji vyote viwili. Ya pili ilipiga kilima. Ya tatu iliupata mnara, ukakaa chini taratibu kama mzee anayepiga magoti, na vumbi likawafunika wote. Walishangilia pande zote mbili. Barua aliyoandika Kapteni ilisema kwamba ngome kuu ya waporaji imesawazishwa na ardhi mbele ya wakuu wote wa eneo hilo, kwamba shehena imeliwa na bahari, na kwamba waya u salama. Jibu la mkubwa wake lilimpongeza kwa ukali wake.

Watu walipotawanyika, Shahsowar alipanda juu ya kifusi kuona kama kuna boriti za kuokoa. Mahgonj alimfuata. Safari hii shali yake haikuficha kitu.

"Lashkaran kweli alisema niliokota sabuni?" mzee alimwuliza.

"Alisema?"

"Hukuniambia wewe?"

Mahgonj alicheka kicheko cha mama yake, cha puani. Shahsowar alijaribu kukasirika akashindwa.

"Na yeye ulimwambia nini?"

"Kwamba umeapa kujisifia meli nzima mbele ya mzungu, na kuwaita wao waoga. Siku zote hizi halali vizuri."

"Lakini mimi nilikuwa sijakusudia kitu kama hicho! Ulijuaje?"

"Sikujua." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Nilimwomba Mungu tu. Asubuhi niliwavalisha wanangu nguo nzuri, kwa sababu sikuwa na hakika, Baba. Ulikuwa umeshanitoa mara moja."

Mzee aligeuka akaangalia upande wa Zarbar. Hapakuwa na ukuta tena mbele yake, ila mto mkavu na nyumba za udongo na moshi wa chakula. Aibu ya kudanganya katika hali ilikuwa bado inamwuma, lakini hii nyingine ilimwuma zaidi na ilikuwa ya zamani zaidi.

"Yako ni ile yenye mlango mwembamba," alisema. "Ina shada la vitunguu limening'inia kushoto. Jikoni unakaa umeupa mlango mgongo."

Mahgonj alishangaa. "Hujawahi kuja hata siku moja. Umeijulia wapi?"

"Kwenye tundu la bunduki."

Mahgonj alimtazama baba yake anavyopangusa uso kwa ncha ya kilemba bila kujali nani anamwona. Kisha akamshika mkono, ule wa kulia, akamsaidia kushuka kwenye kifusi.

"Basi twende uione kutoka mlangoni," alisema.